Mashine ya moshi walikuwa nayo, wakaniuzia sensa

Jamani nimekaa na hii hasira muda sasa, nikasema ngoja niiandike labda itapungua. Gereji siitaji jina, wakisoma watajijua wenyewe, na wasipojijua basi shida yao ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nyota ngapi? Sifuri. Ila msiondoke kwanza, kuna mtu mmoja mle ndani ananiharibia hesabu.

Gari ni pikapu ya petroli, V8 (silinda nane, nne kila upande), gari ya kazi, imebeba mizigo mpaka bodi imepinda na haijawahi kunilaza njiani. Ikaanza tu yenyewe. Ukiwasha, sailensi (ule mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda inashuka, mshale wa mizunguko ya injini unatoka 600 unaenda 1,100 unarudi 600, utadhani kuna mtu anakanyaga mafuta anaachia, kumbe mguu wangu nimeukunja pembeni. Ukisimama kwenye foleni inatetemeka mpaka kwenye kioo cha ndani gari moja unaliona mawili. Ukiondoka ukashika spidi, tamu kabisa, kama sio yenyewe. Halafu taa ya injini ikawaka. Nina kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinasoma kwenye simu, kikanipa P0171 na P0174, yaani kompyuta inasema pande zote mbili za injini hewa imezidi mafuta.

Pande ZOTE MBILI. Shikeni hapo maana ndo kesi yangu yote iko hapo. Sensa ya oksijeni ya kushoto na ya kulia, zile zinazopima moshi wa ekzosi, haziamki asubuhi moja zikafa pamoja kama zimeahidiana. Ukiona pande mbili zinalia kwa pamoja unatafuta chungu kimoja wanachokula wote. Na nilikuwa na ushahidi mwingine kwenye simu: gari ikiwa sailensi kompyuta inaongeza mafuta asilimia 22 kujaribu kufidia, nikipiga resi mpaka 2,500 inashuka mpaka 4 au 5. Kuna hewa inaingilia mlango wa nyuma, haijapita kwenye ile sensa inayohesabu hewa, kwa hiyo kompyuta haijui ipo. Tundu ni lile lile dogo, ila gari ikiwa sailensi injini inavuta hewa kidogo halafu mvuto kwenye manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) ni mkali, kwa hiyo hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya yote. Ukipiga resi hewa halali inakuwa nyingi, ya wizi inamezwa. Mimi sio fundi, nimesoma tu usiku nikiwa nimekosa usingizi, lakini hata mimi nimeelewa.

Nilijaribu mwenyewe kwanza. Nikapulizia ile dawa ya kusafishia throto (mlango wa hewa wa injini) kwenye mipira yote ninayoifikia, nikasikiliza kama mlio utabadilika. Kimya. (Msinifuate kwa hili, ile kitu inawaka na mabomba ya moto yako pale pale. Maji kwenye chupa ya kupulizia yangetosha.) Sauti ya ssss naisikia, ila iko nyuma ya injini kule kwenye ukuta wa kabini, mkono haupiti, jicho ndo kabisa.

Nikaenda gereji. Nikamkuta fundi mkuu, nikampa shikamoo yake, nikamwambia, tena kwa upole, mzee naona kama kuna sehemu inanyonya hewa, mnaweza mkaipiga moshi, yaani mkasukuma moshi ndani tuone unatokea wapi? Nikamnyoshea simu aone zile namba. Hakuiangalia. Alikuwa anafuta mikono na kitambaa, kidole kimoja kimoja, taratibu, akamgeukia mwenzake akacheka akasema, "Siku hizi kila mwenye simu ni fundi. Kijana, umeleta gari tulitengeneze au umekuja kutufundisha?"

Kulikuwa na wateja wengine wamekaa pale kwenye benchi. Mmoja alicheka. Na mimi nikacheka, eti nisionekane nimekasirika, na mpaka leo kinachoniuma kuliko hata bili ni kile kicheko changu.

Basi wakafunga sensa za oksijeni mpya mbili. Nikaondoka, kesho yake taa hiyo. Nikarudi, wakasema plagi zimechoka, wakabadilisha zote nane. Plagi sawa, labda zilikuwa zimechoka kweli, hapo sibishani, ila za zamani sikuonyeshwa. Sailensi ikabaki inacheza ngoma ile ile. Nikarudi mara ya tatu, mzee akasimama mbele ya boneti dakika mbili hivi, akasema pampu ya mafuta. PAMPU! Pampu ikichoka gari inakosa nguvu ukikanyaga, pale injini inapotaka mafuta mengi. Yangu ukikanyaga ndo inapona. Nikamwambia hivyo. Akaniambia niwaachie gari na funguo, niende nyumbani, watanipigia.

Sikwenda. Nikakaa kwenye lile benchi kama shahidi. Na nikiwa nimekaa ndo nikaiona. Kona ya kule, nyuma ya tairi zilizopangwa, kuna kitu kimefunikwa turubai, juu yake wameweka kopo la grisi na kikombe cha chai cha mtu. Kuna dogo mmoja, mwanafunzi wa kazi, ndo anayefagia na kutumwa tumwa, nikamuuliza dogo kile ni nini. Akasema kaka hiyo ni mashine ya moshi. Nikasema inafanya kazi? Akasema inafanya, ila mzee anasema inachelewesha.

INACHELEWESHA. Nimekuja mara tatu!

Mzee alipotoka kwenda kula, dogo akaniangalia, nikamwangalia. Akaivuta mashine. Akaziba bomba la hewa kwenye boksi la filta kwa plagi ya mpira, akachomoa paipu ya busta ya breki akaingiza moshi hapo, injini imezimwa. Ile mashine inachemsha mafuta mepesi inasukuma moshi kwa presha ndogo sana, haifiki hata psi 1, kwa hiyo haipasui kitu. Tukangoja. Kwanza hakuna. Halafu kutoka nyuma ya manifodi, kule kule nilikokuwa nasikia ssss, ukapanda uzi mwembamba mweupe, umenyooka, kama wa udi. Dogo akapitisha mkono (ana mkono mwembamba huyu mtoto, Mungu ambariki) akatoka na kona ya mpira ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini. Ukubwa wa kidole gumba. Ukiitazama juu nzima kabisa, ukiigeuza upande wa chini ina ufa wa kuingiza kucha, na mpira umelainika kwa oili mpaka unabonyea kama jojo iliyotafunwa. Ndo maana dawa yangu haikufika, ufa umelalia tumbo.

Kona mpya, klipu mbili, akafuta zile namba za hitilafu kwenye kompyuta, tukawasha. Mshale ukakaa 650 ukatulia kama umegandishwa. Ile asilimia ya mafuta ya kufidia ikashuka mpaka 2. Nusu saa yote, pamoja na kungoja. Kwa hiyo sawa, nyota tano. Naandika nyota tano kwa dogo na sioni aibu, huyo ni fundi.

Mzee akarudi. Nikategemea atamgombeza dogo, hakumgombeza, akainama akasikiliza injini, akatikisa kichwa, akasema "imetulia". Na mimi nikaanza kulainika jamani, nikasema labda namwonea, mtu ana kazi nyingi, labda wateja wengi wanakuja na simu zao na ujinga wao na yeye amechoka. Nikawa tayari kusema nyota tatu.

Halafu ikaja bili. Sensa mbili, zipo. Plagi nane, zipo. Kona ya mpira, ipo, mstari wa mwisho, ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye ile karatasi. Na juu yake imeandikwa "kupima kwa mashine ya moshi". Mashine iliyokuwa imewekewa kikombe! Ameniuzia kipimo nilichomuomba siku ya kwanza akanicheka! Nikamuuliza, mzee na sensa je, si zilikuwa nzima? Akasema sensa mpya haina hasara, itakufaa mbele.

Nililipa. Ndio, nililipa, msinitukane, funguo alikuwa nazo yeye. Sifuri, narudia sifuri.

Gari mpaka leo imetulia, taa haijarudi, hata mafuta inakula vizuri. Ila juzi breki imeanza kulia mbele, nikapiga simu pale gereji kuuliza dogo yuko zamu siku gani. Akapokea mzee. Nikakata.