Chumba cha mazoezi tiba Soweto Mbeya: wenye fibromayaljia nendeni, ila masaji yao msiyategemee

Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaoumwa mwili mzima, vipimo vinatoka safi, alafu mnaambiwa mna mawazo. Kuna chumba cha mazoezi tiba kipo Soweto hapa Mbeya, ghorofani juu ya maduka ya vifaa vya ujenzi, anakiendesha dada mmoja mtaalamu wa fiziotherapi. Jina lake siweki maana hatujaongea hilo, ila wa bajaji pale wanapajua, waambie tu kwenye mazoezi ya mgongo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naenda pale tangu mwaka jana na nadhani naweza kupasema vizuri sasa.

Kwanza ugonjwa wenyewe, maana watu wanauchanganya sana. Fibromayaljia sio baridi yabisi. Jointi hazivimbi, mifupa hailiki, ukipiga eksirei haionekani kitu. Shida iko kwenye namna ubongo na mishipa ya fahamu inavyopokea maumivu, yani sauti imefunguliwa mpaka mwisho kama redio ya daladala, mtu kakushika bega kwa salamu tu wewe unaumia kweli. Na sio maumivu peke yake, usingizi haushibishi, unaamka umechoka kuliko ulivyolala, kichwa kinakuwa kizito, unasimama mbele ya darasa jina la mtoto uliyemfundisha mwaka mzima haliji. Duniani wanakadiria watu 2 mpaka 4 kati ya 100 wanao na wengi ni wanawake. Kwa vigezo vya 1990 daktari alikuwa anabonyeza sehemu 18 za mwili, zikiuma 11 na kuendelea ndo anasema unao, ila kuanzia 2010 wanaangalia zaidi maumivu yamesambaa wapi na wapi, yamekaa miezi mitatu au zaidi, na usingizi, uchovu na kumbukumbu vikoje. Hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Vile vipimo tunavyopigwa ni vya kutafuta magonjwa mengine yanayofanana nao, homoni za tezi ya shingo, upungufu wa damu, baridi yabisi yenyewe. Kwahiyo majibu yakitoka safi haimaanishi unajifanyisha.

Sasa huduma. Kilichonifanya nimwamini huyu dada ni kwamba siku ya kwanza hakunigusa kabisa. Aliomba karatasi za hospitali, akasoma moja moja, akauliza nalala saa ngapi, naamka mara ngapi, nameza nini. Kuna mama alikuja siku hiyohiyo kifundo cha mkono kimevimba na kina joto, akakataa kumfanyia chochote, "Mama, huu ugonjwa hauvimbishi hivi, nenda hospitali wakaangalie kwanza, hapa utarudi." Akamrudishia na hela yake. Jamani hapa mjini ni wangapi wangefanya hivyo?

Alafu anakupa daftari, lile dogo la wanafunzi. Kila jioni unaandika umelala vipi, maumivu kutoka sifuri mpaka kumi, na umefanya nini siku nzima. Mazoezi yanaanza madogo mpaka unaona unapotezewa muda. Mimi nilibishana nae:

"Mwalimu, wiki hii dakika tano tu za kutembea."

"Dada, mimi kutoka Mafiati mpaka shuleni ni kwa miguu kila siku, dakika tano za nini?"

"Ya shuleni ni ya kazi. Hizi tano ni dawa yako, na siku ukijisikia vizuri usizidishe."

Hilo la kutozidisha ndo nimeona lina maana kuliko yote. Wengi wetu tukipata siku nzuri tunafua nguo zote, tunapalilia bustani, tunaenda Mwanjelwa sokoni tunabeba mizigo, alafu siku zinazofuata hatuinuki kitandani, tunasema mazoezi hayatufai. Yeye anaongeza dakika moja moja, anaangalia daftari, ukiwa umezidisha anajua. Ukiwa kwenye kiti cha plastiki unainua visigino, unavuta kanga kwa mikono miwili, unasimama na kukaa, basi. Na sio kitu katunga yeye, mapendekezo ya wataalamu wa Ulaya kuhusu ugonjwa huu yaliyopitiwa upya 2016 yaliangalia dawa na tiba nyingine nyingi, na kitu kimoja tu ndo kilipewa uzito mkubwa, mazoezi. Vingine kama tiba ya mazungumzo, sindano za Kichina, yoga, taichi (yale mazoezi ya Kichina ya taratibu) na mazoezi ya kwenye maji ya uvuguvugu vilikubaliwa ila kwa uzito mdogo.

Jumamosi kuna kundi la taichi, mnavua viatu mnasimama kwenye mkeka, mikono inapanda polepole na pumzi, uzito unahama mguu huu kwenda huu. Nilidhani ni mambo ya vijana ila kuna bibi anatoka Uyole na anayaweza kuliko wote. Marekani waliyapima kwa watu 226 wenye fibromayaljia, matokeo yakatoka 2018, taichi ikawa sawa au zaidi ya mazoezi ya kawaida ya kutoa jasho. Kundi ni elfu tano kwa mtu, ukienda peke yako katikati ya wiki ni elfu kumi na tano.

Masaji sasa. Hapa siwasifii. Wanayafanya elfu thelathini na kitu na mapokezi wanayasukuma sana, kila ukilipa unaulizwa "na masaji mama?" Nilifanya. Msichana alinikandamiza mabega kwa kiwiko, nikamwambia punguza mkono, akasema lazima iume ndo itoke. Usiku ule nililala, kesho yake nikashindwa hata kunyanyua mkono kuandika ubaoni, na hali ile ilikaa siku kadhaa. Mapendekezo yale niliyosema hayakuyaunga mkono masaji kwa ugonjwa huu, na kwa mwili ambao tayari unapokea kila mguso kama kipigo, kiwiko cha nini? Nilimwambia dada mwenyewe, akanisikiliza vizuri, ila mapokezi bado wanauza vilevile.

Kitu kingine kizuri, haniambii niache dawa. Nameza amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu na kusaidia usingizi, dozi ndogo usiku niliyoandikiwa na daktari, yeye anasema endelea na ukitaka kubadilisha muulize aliyekuandikia. Tofautisha na wale wa spika sokoni, poda moja inatibu presha, sukari, mgongo na nguvu za kiume, na wanakwambia vya hospitali tupa. Naomba muelewe hili, sehemu nyingi duniani zimeshakamatwa poda za "asili" zilizochanganywa dikloni (diklofenaki, dawa ya maumivu) au steroidi ndani, ndo maana unapata nafuu ya haraka, baadae uso unavimba na sukari inapanda. Sikatai tiba asili, wazee wetu wametibiwa nayo, ila nchi hii ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002 na kuna baraza linalosajili, kwahiyo muombe mtu cheti chake, akikasirika ondoka. Na dikloni yenyewe tunayochomwa kila wiki, kwa fibromayaljia peke yake haijaonekana kusaidia, inaweza kukuachia vidonda vya tumbo tu.

Mapungufu yapo. Ngazi ni ndefu na hazina pa kushika, kwa wagonjwa wa aina yetu hilo sio dogo. Sakafu ni ya simenti tupu, mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya mnaijua, mkeka ni mwembamba, baridi inapanda mpaka kiunoni. Bima hawapokei. Na apointimenti ya saa kumi inaweza kuwa saa kumi na nusu.

Maumivu yangu hayajaisha na yeye hakuwahi kuniahidi yataisha. Ila daftari linaonyesha usingizi umerudi siku nyingi za wiki, na sasa namaliza kipindi cha hesabu nimesimama, chaki mkononi, mwaka jana nilikuwa nafundisha nimekaa. Kwa hilo nitaendelea kulipa.

Mkienda bebeni majibu ya vipimo vyote mlivyonavyo, soksi nzito na kanga ya kuongezea juu ya mkeka. Jumamosi wahini kabla ya saa tatu maana chumba ni kidogo, wakijaa wanafunga mlango. Na mkiulizwa kuhusu masaji semeni hapana.