Uzoefu wangu: wakala wa akili unde kwenye blogu ya mapishi, na maelezo ya zana yaliyonisumbua

"Shangazi, mbona vitumbua vimetoka saa nane usiku?"

Ujumbe huo wa mpwa wangu niliukuta kwenye simu Jumamosi asubuhi. Usiku nilikuwa nimemwagiza wakala, programu ya akili unde inayonifanyia kazi za blogu, apange makala ya vitumbua itoke saa mbili asubuhi, wakati ambao wasomaji wangu wengi wako jikoni. Yeye akaandika 02:00.

Blogu yangu ya mapishi iko kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Wakala nimemuunganisha nayo kwa MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuunganisha akili unde na programu nyingine, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Fundi alinitengenezea seva ndogo, programu inayompa wakala zana, yaani kazi anazoweza kuziita: za kutafuta makala, kuhariri, kupanga muda na kufuta, kisha akaniachia kazi ya kuandika maelezo ya kila zana, kwa kuwa blogu naijua mimi. Niliiona ni kazi ya dakika kumi. Zana ya kupanga muda niliiandikia "Hupanga muda wa makala", nikaendelea na nyingine.

Wakala haoni msimbo ulio nyuma ya zana. Anachopewa ni jina la zana, maelezo yake na orodha ya vigezo, yaani taarifa anazopaswa kuijazia, basi. Kama hukuandika kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, atajuaje? Nikaongeza: "Mtumiaji akitaja saa kwa Kiswahili, jumlisha sita." Ikafanya kazi mpaka siku niliyotaja saa kumi na mbili asubuhi. Kumi na mbili na sita ni kumi na nane, na makala ikapangwa 18:00, jioni! Hapo nikaacha kutegemea kanuni, nikaweka mifano. Maelezo ninayotumia sasa ni haya:

"Hupanga siku na saa ya makala kutoka. Itumie kwa rasimu iliyokamilika tu, si kwa makala iliyokwisha kuchapishwa. Andika muda kwa mtindo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki (UTC+3). Mtumiaji hutaja saa kwa Kiswahili: saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 10 jioni ni 16:00, saa 2 usiku ni 20:00. Asipotaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize kwanza."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tangu niiweke, wakala huuliza pale ambapo zamani angekisia.

Kategoria nazo zilinifundisha. Nilimwomba aongeze "Ramadhani" kwenye mapishi ya futari, na yote yakaondolewa kwenye kategoria zake za awali, "Vitafunwa" na "Uji". WordPress ikipokea orodha ya kategoria za makala, hiyo ndiyo inayobaki, ile ya awali inaondoka. Ndivyo ilivyoundwa. Lakini mimi nilikuwa nimeandika "huongeza kategoria", na wakala akaniamini. Kuzirudisha moja moja kulinichukua jioni nzima. Sasa maelezo yanasema: "Hubadilisha orodha YOTE. Soma kategoria zilizopo kwanza, kisha tuma za zamani pamoja na mpya."

Zana ya kufuta sikuiachia maneno peke yake. Kwa kawaida makala iliyofutwa hukaa kwenye kikapu cha taka siku 30, lakini kuna kigezo, force, kinachoifuta moja kwa moja. Nilimwomba fundi akiondoe kabisa. Maelezo hata yawe mazuri vipi ni maombi tu, na mapishi ya bibi yangu siwezi kuyaweka rehani kwa maombi.

Kasoro ipo. Maelezo ya zana zote hupelekwa kwa modeli, yaani akili unde inayomwendesha wakala, pamoja na mazungumzo, na kila neno linahesabiwa kwenye tokeni (vipande vya maneno) unazolipia. Nilipokuwa na zana kumi na nne, wakala pia alichanganya "tafuta", "leta" na "soma". Nimezipunguza hadi sita. "Tafuta" hurudisha namba na vichwa vya makala tu, "soma" huleta makala moja kwa namba yake, na kila moja inaitaja mwenzake ili wakala ajue aende wapi.

Naupa mpango huu nyota nne. Mwenye makala kumi asijisumbue, kwa mkono atamaliza mapema zaidi. Mimi nina zaidi ya mia tatu, na marekebisho ya vipimo, kutoka vikombe kwenda gramu, yaliyokuwa yakinilaza macho sasa ninayapitia tu kabla ya kuyakubali. Ukijaribu, kila ukibadilisha maelezo fungua mazungumzo mapya, umwagize wakala kwa maneno yale yale unayotumia nyumbani. Mimi huwa ninampa mpwa wangu simu aseme yeye, maana anasema "saa mbili kasoro" na "kesho kutwa", na hiyo "kasoro" bado sijaiandikia mfano.