Dola 40 za matangazo: Facebook au Google kwa fundi wa Lubumbashi?

Mimi ni fundi cherehani, kwenye komuni (sehemu ya mji) inayoitwa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Mwezi wa nane ndio mavuno yangu: watoto wanakaribia kurudi masomoni, na kila mzazi anasaka shati jeupe na patalo (suruali) ya bluu. Mwaka huu nilitenga dola 40 za matangazo ya intaneti, 20 Facebook na 20 Google. TikTok niliiacha mapema. Kampeni yao kamili inataka angalau dola 20 kwa siku kwa kila kundi la matangazo, kwa hiyo pesa yangu yote ingeyeyuka kwa siku mbili.

Google niliipenda kwa sababu unalipa mtu akibonyeza tu, na anayebonyeza alikuwa anatafuta. Nikaweka maneno "uniforme scolaire" (sare ya shule kwa Kifaransa), dola 2 kwa siku. Siku ya kwanza ikala karibu 4! Kumbe ndivyo ilivyo: siku moja inaweza kufika mara mbili ya ulichoweka, kisha siku nyingine inapunguza, ili hesabu ya mwezi isipite. Kwa mwenye duka kubwa si kitu. Kwangu hiyo ni pesa ya uzi. Halafu kosa langu mwenyewe: kwenye eneo niliacha chaguo linalokuja tayari, lile linaloingiza hata watu walio mbali ila wanaulizia habari za Lubumbashi. Simu ya kwanza ikatoka Ubelgiji. Dada yule tuliongea vizuri sana, hata tukacheka, lakini hakununua.

Facebook nayo nilianza vibaya. Sina kadi ya Visa, nina pesa ya simu tu, nikampa kijana mmoja wa mtaani anilipie. Kwenye dola 10 alikata 3. Tangazo lilikuwa la Kifaransa, picha safi, lengo ni watu kulipenda. Wakalipenda kweli. Hakuna aliyeuliza bei.

Dola 10 zilizobaki nililipia kwa kadi ya shemeji. Safari hii nilichagua lengo la ujumbe, kitufe kikimpeleka mtu moja kwa moja WhatsApp. Nikatupa picha, nikapiga video ya sekunde 15: mikono yangu inavuta mshono wa nyuma wa patalo, kwa nguvu, haufumuki. Maneno ni Kiswahili chetu cha hapa. Jioni ile ile, umeme umekatika, simu ikaanza kulia. Mama mmoja, ujumbe wa sauti: "Papa, ile patalo ni bei gani? Mutoto iko na miaka munane lakini iko munene." Nikamwomba kipimo cha kiuno. Akatuma picha ya mtoto amefungwa kamba ya viatu tumboni, na kamba hiyo hiyo imelazwa kando ya rula. Nilishona, ikamkaa.

Kwa siku tano walikuja wateja 9, wengine wakaleta majirani.

Google sijaifuta. Mzazi wa Katuba, komuni nyingine ya hapa, hatafuti sare kwenye Google, anauliza jirani. Anayetafuta ni mtu wa ununuzi wa kampuni ya mgodi, yuko ofisini na kompyuta, anataka ovaroli 60. Nikishapata cherehani ya pili ya kushona kitambaa kizito, maneno nitakayolipia ni ya ovaroli, na eneo nitalifunga hapa hapa mjini.