Kitalu cha miche ya dawa njia ya Bagamoyo, nimenunua mwaka mzima naomba niwape mrejesho

Kuna kitalu cha barabarani hapa Dar, njia ya Bagamoyo ukishapita Tegeta, nimeanza kununua miche pale tangu masika ya mwaka jana mpaka sa hivi, kwa hiyo naongea nikiwa nimeshapita misimu yote na hii miche. Bango hakina, utaona tu viriba vyeusi chini ya mwembe na pipa la maji pembeni.

Kilichonishika pale ni kwamba yule mzee anayeuza hakuuzii mpaka akuhoji. Siku ya kwanza nilifata nanaa, akaniuliza mwanangu unamwagilia maji ya wapi, nikamwambia kisima, akasema ukiyaonja yana chumvi? Yana chumvi kweli, hata sabuni haitoi povu vizuri. Akaniambia basi nanaa usichukue leo, katafute ndoo za kukingia mvua kwanza ndo urudi. Yaani hela ninayo mkononi na hajaichukua. Na mimi nilikuwa nishapoteza nanaa mara nne kutoka bustani moja kubwa ya mjini, kila nikirudi kulalamika naambiwa ongeza mbolea, na mche ni ule ule, ncha za majani zinaungua zinakuwa kahawia halafu unakauka wote, nikawa najua ni jua la Dar. Kumbe ni chumvi. Kwenye kopo haina pa kwenda, kila ukimwagilia inabaki inajikusanya kwenye udongo. Sa hivi nanaa yangu inakunywa maji ya mvua au ya bomba yakitoka, iko upande wa jua la asubuhi tu ikifika saa sita ina kivuli, na nakata chai ya nanaa kila wiki mwaka mzima.

Mchaichai ndo usiulize, nilichukua mashina matatu ya buku buku, leo ni vichaka na nimeshagawa kwa majirani wawili. Kivumbasi hivyo hivyo, ila kikianza kutoa maua kata vile vikonyo vya maua, ukiacha kinazeeka haraka. Mlonge nao unapenda joto, ni wa kukatwa kila mara ukiuacha unakuwa mti na majani huyafikii tena.

Sasa kasoro. Mzee akiwa hayupo anakaa kijana, na kijana hajui sana. Niliomba tangawizi akanipa kiriba kimeanza kuchipua, nikapanda kwenye kiroba mwanzoni mwa vuli, majani yakatoka mapana kama ya mgomba mchanga, tangawizi majani yake ni membamba jamani, nikafukua kidogo nikakata kipande ndani njano tupu, ni manjano. Nilirudi mzee akanibadilishia bila maneno na manjano akaniachia, lakini vibandiko vya majina vingesaidia sana, hasa hii ni miche ya dawa mtu anaenda kunywa. Hilo nimemwambia mwenyewe, na narudia hapa, mtu asinywe kitu ambacho hajakihakikisha.

Rozimeri pia ni buku tano na masika iliniozea. Kosa la udongo wa kiriba, ni mweusi umejaa samadi unashika maji, nanaa inaupenda ila rozimeri inataka mchanga mwingi na kokoto chini. Ya pili niliihamisha siku hiyo hiyo nikaiweka chini ya bati mvua isiifikie, ipo mpaka leo. Mshubiri nao ufanyieni hivyo hivyo, maji kidogo sana.

Kingine ninachompendea ni ukweli kwenye matumizi. Kwenye mshubiri alinionesha yale majimaji ya njano yanayotoka ukikata jani, akasema yaache yachuruzike yote, yale yanaharisha vibaya na mjamzito asiyaguse kabisa. Nilimuulizia artemisia maana watu wengi wanaitafuta ya malaria, akasema hauzi, huku pwani inawahi kutoa maua kabla haijajaa majani, na malaria mwanangu kapime hospitali upewe dozi. Na hata Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya artemisia. Muuza miche mwingine angekupa tu uondoke.

Mkienda, nendeni asubuhi mzee akiwepo, mchukue miche kipindi cha kipupwe kuanzia mwezi wa 6 ili ikifika kaskazi ya mwezi wa 1 na wa 2 mizizi iwe imeshashika, maana ile miezi miwili ndo migumu kuliko yote, nanaa namwagilia asubuhi na jioni. Na semeni mapema maji yenu ni ya wapi. Mi wiki ijayo nafata mrehani na mashina mengine ya mchaichai ya mama yangu Kibaha.