Ziara ya njia ya vita, Taveta: mlipie mzee, gari livumilie

Gari lilichelewa saa mbili nzima, na maji yalikuwa chupa mbili kwa watu watano. Hayo nimeyataja, basi. Nilichokuja kulipia ni mzee anayetembeza watu kwenye njia hii ya Vita vya Kwanza vya Dunia, naye pesa yake ni halali.

Pale kwenye mbuyu karibu na kilima cha Salaita hakuanza na tarehe. Alinishika mkono akaupeleka kwenye tundu la risasi, kidole kikazama hadi kifundo. "Hapa ndipo Waingereza walipomjibu yule mama." Hekaya yasema mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani ya mti huo, akiwadungua askari kulipiza kisasi cha mumewe. Nikauliza, alikuwa akila nini humo? Mzee akacheka: "Hilo, mwalimu, bibi yangu hakunisimulia." Nampenda msimulizi asiyejaza mapengo.

Kwenye kilima chenyewe sauti yake ilibadilika, maana hapo si hekaya tena. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walikishambulia, wakatimuliwa na jeshi la Wajerumani, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Wenyeji husema jina Salaita limetokana na neno la Kiingereza la kuchinja, "slaughter". Siamini sana, ila nimeshalirudia kwa watu watatu.

Makaburi ya Taveta tuliyapita mbiombio, shauri ya ule uchelewaji. Nyota nne. Ukipiga simu kuweka nafasi, mdai mzee; kijana wao mwingine husoma kila kitu kwenye simu yake.