TAHADHARI: Kamera za "48MP" zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Tanga

Watu wa Tanga, hasa wenye watoto wadogo, naomba msome mpaka mwisho. Kuna mtu anauza kamera za dijitali anazodai zina megapikseli 48 (MP, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha) kwenye magrupu yetu ya WhatsApp na kuzileta kwa bodaboda hadi mlangoni. Mimi nimeshalia. Shilingi 280,000 zangu zimekwenda, sitaki na wewe yakukute.

Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 3, mwingine 6, na hawajui kutulia. Simu yangu imechoka, kila picha ukungu mtupu, ndiyo maana nikajichanga ninunue kamera. Yule kijana nilimwambia wazi kwamba nataka ya kupigia watoto wanaokimbia. Akanijibu, "Dada yangu, hii ni 48, zumu 16, hata simu ya macho matatu haifui dafu." Akanitumia na picha aliyodai kaipiga nayo: chupa ya soda juu ya kitambaa chekundu, safi, matone ya maji unayahesabu. Nikaingia. Wakati wa kutuma hela jina lililotokea halikuwa lake, akasema ni la shemeji yake. Pale pale ningeacha. Sikuacha.

Jumapili tukaenda Raskazone. Siku hiyo mkubwa ndiyo kwanza anaachiwa baiskeli. Baba yake akatoa mkono kwenye siti, mtoto akaenda peke yake, anacheka. Nikabonyeza. Kamera ikakaa kimya, halafu ndiyo ikalia. Kwenye picha kuna barabara, kivuli cha mti na kipande cha tairi la nyuma pembeni. Nikabonyeza tena, safari hii yumo, lakini uso wake umekuwa mstari mrefu wa kahawia, macho hayaonekani. Nilipiga zaidi ya 40 na hakuna hata moja ya kusafisha. Mtoto haachiwi baiskeli mara ya kwanza mara mbili, na hilo linaniuma kuliko hela.

Kesho yake nikaipeleka kwa kaka mmoja mpiga picha kule Ngamiani. Akaniambia nibonyeze kitufe nusu huku natazama lenzi. Haikutikisika hata kidogo. Kamera hiyo haina fokasi ya kujirekebisha, yaani haijitafutii yenyewe umbali wa mtu ili atoke wazi, lenzi imekazwa sehemu moja tangu kiwandani. Ile 48 nayo ni ya kwenye boksi tu: sensa, yaani kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, ni ndogo kama punje ya mchele, halafu programu inaivuta picha iwe kubwa, ukiikuza unaona matope. Zumu 16 ni kukata katikati ya picha na kuikuza. Fleshi ni tochi. Betri ni nyembamba kama ya simu ya kitochi. Nilipomwonyesha ile picha ya chupa akatikisa kichwa. Nyuma ya chupa pamefifia laini kabisa, na sensa ya namna hii haiwezi kufifisha hivyo. Picha ile ilipigwa na kamera nyingine.

Akaniambia jambo ambalo laiti ningelijua mapema: hata 48 ya kweli isingenisaidia. Picha ya A4 ya kutundika ukutani, megapikseli 12 zinatosha. Kwa mtoto anayekimbia unatafuta vitu vingine. Kwanza kamera ikubali papo hapo unapobonyeza. Pili shata, yaani pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga, iwe na kasi, 1/500 ya sekunde kwa anayekimbia, na uweze kuipanga mwenyewe. Tatu fokasi iwe ya kumfuata mtoto anavyosogea. Kwenye Nikon na Sony imeandikwa AF-C, kwenye Canon nyingi AI Servo au Servo. Ndani ya nyumba, jioni, utahitaji lenzi inayoingiza mwanga mwingi. Ya 50mm (kipimo cha inavyovuta) yenye f/1.8 (kipimo cha tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo mwanga ni mwingi) ndiyo ya bei nafuu kwenye kundi hilo, ila uwe na nafasi ya kurudi nyuma maana inavuta karibu. Yeye mwenyewe anatumia Nikon D3200 ya mtumba, ya mwaka 2012, megapikseli 24, picha 4 kwa sekunde. Alinipa nimpige mdogo wangu akiruka ngazi za pale dukani, na miguu yote ilitoka ikiwa hewani.

Kwa hiyo usikubali kujaribishiwa kamera kwa chupa wala kwa muuzaji aliyesimama anatabasamu. Nenda na mtoto wako. Akigoma, toka nje upige bajaji inayopita, kisha ukuze picha usome namba ya chombo. Ukinunua mtumba hapa pwani, chomoa lenzi kwenye kamera na uimulike na tochi ya simu upande wa pili: ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu ya unyevu, iache. Memori kadi ya bure ya "128GB" ijaze kwanza nyumbani uone kama mafaili yanafunguka, kabla hujaiamini na sherehe ya mtu. Na dai risiti ya EFD. Mimi sikuwa nayo, nikabaki na meseji za simu tu.

Nilipomwomba anirudishie hela aliandika "mzigo ukishatoka haurudi", kisha akaniblok. Kama na wewe umeshaumia, usifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala, peleka polisi, na Tume ya Ushindani pia inapokea malalamiko ya walaji.

Bado yupo kazini. Juzi kaingia kwenye grupu lingine kwa namba mpya na jina jipya, lakini chupa ni ile ile, juu ya kitambaa kile kile chekundu chenye alama ya kuungua kwa pasi kwenye kona ya kushoto. Ukiiona alama hiyo, usitume hela.