Kimea cha msingi: gunia lipi ununue kwa bia ya nyumbani

Aliyekulia Moshi au Rombo hahitaji kuambiwa kwamba kimea kibaya huharibu mbege hata ndizi ziwe nzuri vipi. Lakini mtu huyo huyo akihamia Uingereza, akaanza kutengeneza bia ya shayiri jikoni kwake, utamkuta anachambua hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, jioni nzima halafu anaagiza kimea chochote cha bei rahisi. Lita 20 za bia ya kawaida hula kilo 4 hadi 5 za kimea. Hopsi ni gramu tu.

Kimea cha msingi ni kile chenye vimeng'enya vya kutosha kugeuza wanga wake mwenyewe kuwa sukari, ukikiloweka saa moja kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68. Cha kawaida hukaushwa kwa moto mdogo na ladha yake ni hafifu. Hivi ninavyovipanga hapa vina ladha yake, ama kwa sababu ya mbegu, ama kwa sababu ya tanuri. Ninamfikiria mtu mwenye nafasi ya gunia moja la kilo 25 chini ya ngazi.

Ningeanza na Maris Otter, na sijuti kurudia walichosema wengi. Ni shayiri iliyozalishwa Cambridge kwa kuchanganya aina mbili za shayiri, Proctor na Pioneer, ikaingia mashambani miaka ya 1960. Wakulima waliiacha zilipokuja mbegu zenye mavuno makubwa zaidi, na mwaka 1989 ikaondolewa kwenye orodha ya mbegu zinazopendekezwa. Wafanyabiashara wa nafaka ndio walioiokoa, kwa sababu watengeneza bia hawakukubali kuikosa. Mavuno hayo madogo ndiyo unayolipia. Ladha yake ni ya biskuti na mkate uliotoka motoni, na inabeba bia za Kiingereza kama bitter, na zile nyeusi za porter na stout, bila kuhitaji msaada mwingi wa vimea vingine.

Hapo kwenye msaada ndipo tunapokosea. Ladha ya gunia langu la kwanza niliifunika kwa kimea cha karameli, kile kitamu cha kuongezea rangi na ladha, nusu kilo kila mara nilipopika, nikajiuliza mbona bia haina tofauti na ile ya kimea cha bei ya chini. Ni sawa na kununua mchele wa Kyela halafu ukautia masala mpaka harufu yake ipotee. Siku hizi naweka karameli gramu 150, au siweki kabisa. Kuna pia Maris Otter inayooteshwa sakafuni na kugeuzwa kwa koleo, kama ya kiwanda cha kimea cha Warminster. Bei yake iko juu zaidi. Inunue kama unapika bia ya kimea kimoja na hopsi za aina moja, vinginevyo hutaisikia.

Ya pili ni Vienna. Mwaka 1833 Anton Dreher wa Austria na Gabriel Sedlmayr wa Munich walizunguka Uingereza wakichungulia viwanda vya bia, wakarudi na ujuzi wa kukausha kimea, na mwaka 1841 Dreher akatoa lager yake ya rangi ya shaba. Kimea hiki hupata joto kidogo zaidi ya kile cheupe cha kawaida, kikatoa ladha ya mkate wa kubanikwa bila uzito. Kinaweza kuwa asilimia 100 ya bia. Kama unapenda lager lakini ile nyeupe inakuchosha, kiweke cha kwanza.

Munich naiweka ya tatu, si kwa ubaya. Ladha yake ni nzito, ya ganda la mkate, na gunia zima la kitu hicho litakuchosha kabla halijaisha. Nunua kilo 5. Ile nyepesi hujitosheleza yenyewe. Ile nyeusi zaidi ina vimeng'enya vichache, hivyo ichanganye nusu kwa nusu na kimea cheupe.

Golden Promise ya Uskoti ni ya nne. Mbegu yake ilitokana na Maythorpe iliyopigwa mionzi ya gama, ikapata bua fupi lisiloangushwa na upepo. Kiwanda cha bia cha Timothy Taylor cha Keighley wanaitumia kwenye bia yao ya Landlord. Ni tamu na laini kuliko Maris Otter, ila ukimimina hopsi nyingi juu yake tofauti inakuwa ndogo mno kwa bei ile.

Chevallier, shayiri ya Suffolk ya miaka ya 1820 iliyofufuliwa kutoka kwenye hazina ya mbegu, ni ya mwisho kwa sababu ya bei tu. Huacha utamu mwingi usioliwa na hamira, kwa hiyo ihifadhi kwa bia kali ya kulaza mwaka mzima.

Kama huna mashine ya kusaga, usinunue gunia. Agiza kilo 5 zilizosagwa, utumie ndani ya wiki chache. Kimea kizima, kikiwa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mahali pakavu, hudumu mwaka hivi. Kabla ya kupika tafuna punje chache: ziwe zinapasuka kwa mlio na kuacha utamu ulimini. Zikiwa laini kama biskuti iliyoachwa wazi usiku kucha, zimeshaingiwa na unyevu.